Kelele za Injini Asubuhi: Muda Wake Ndio Unaotoboa Siri

Magari mengi yanayotembea Dar es Salaam, Kampala, Bujumbura na Mombasa yalianza maisha yao Japani. Yalitufikia yakiwa yameshatumika miaka kadhaa, na huku kwetu yanatumika miaka mingine kumi, kumi na tano, hata ishirini. Kenya imeweka kikomo: gari la mtumba lililozidi miaka minane haliruhusiwi kuingia. Tanzania imechagua njia ya kulitoza ushuru wa ziada gari lililozeeka. Lakini sheria za bandarini hazizuii gari kuzeekea mikononi mwa mwenyewe, na uzee wake husikika kwanza asubuhi, pale ufunguo unapozungushwa baada ya gari kulala usiku kucha.

Injini inaitika, na pamoja na mngurumo wake linatoka jambo jingine: mkwaruzo wa sekunde mbili, tiki-tiki ya haraka, mluzi, au mlio mzito wa kugonga kutoka chini. Baada ya muda kelele inapungua au inakwisha kabisa, na mwenye gari anaondoka zake kazini huku moyo haujatulia.

Mitaani kuna majibu mawili yaliyozoeleka. La kwanza ni kwamba gari kuukuu halikosi kelele, kwa hiyo liache. La pili ni kwamba injini imekwisha, nenda Gerezani, Dar es Salaam, ukatafute nyingine. Yote mawili ni ya hatari. Jibu la kwanza limeua injini ambazo zingepona kwa filta mpya na oili sahihi. Jibu la pili limewafanya watu washushe injini nzima kumbe kilichoharibika ni gasketi ya manifoldi. Kati ya majibu hayo ipo njia ya tatu, nayo ni kupima muda. Kelele inaanza lini, inadumu kwa muda gani, na joto likipanda inabadilika vipi? Maswali hayo matatu yakijibiwa kwa makini, uwanja wa kutafutia ubovu unakuwa mdogo kabla bisibisi haijashikwa.

Injini ina baridi yake

Wapo wanaoamini kwamba matatizo ya kuwasha gari asubuhi ni ya watu wa Makete, Njombe, Limuru au Nyahururu, ambako mwezi Juni na Julai asubuhi huwa na baridi kali na penginepo umande huganda. Baridi hiyo huongeza tatizo kweli, lakini mkazi wa Tanga au Mombasa hajasalimika. Injini ya petroli imeundwa kufanya kazi maji yake yakiwa kwenye nyuzi 85 hadi 95 hivi za Selsiasi. Gari lililolala Mombasa kwenye nyuzi 25 bado liko chini ya joto lake la kazi kwa nyuzi 60 au zaidi. Kwa injini, hiyo ni baridi tosha.

Katika hali hiyo mambo matatu hutokea pamoja. Kwanza, oili imeshuka yote hadi kwenye sampu, na sehemu za juu za injini zimebaki na utando mwembamba tu. Pili, oili yenyewe ni nzito. Oili ya 20W-50 ikiwa kwenye nyuzi 25 huwa nzito karibu mara ishirini kuliko inavyokuwa kwenye nyuzi 100. Tatu, vyuma havijatanuka vya kutosha kujaza nafasi zilizopangwa na waliobuni injini. Pistoni nyingi ni za alumini, na alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kusubu kinachotumika kutengenezea silinda. Maana yake, injini ikiwa baridi pistoni huwa na nafasi kubwa zaidi ndani ya silinda. Ikipata moto, nafasi inabana.

Karibu kelele zote za asubuhi huzaliwa na moja ya hali hizo tatu: oili haijafika, oili haipiti vizuri, au nafasi kati ya chuma na chuma bado ni kubwa. Na kila hali ina muda wake.

Kelele ya sekunde chache

Kelele inayotokea mara tu injini inapowaka, kisha ikakatika ndani ya sekunde moja hadi tano, kwa kawaida inatuambia kuwa oili imechelewa kufika mahali fulani. Cha kuuliza ni mahali gani, na kwa nini.

Mtuhumiwa wa kwanza ni wa bei ndogo kuliko wote: filta ya oili. Ndani ya filta nzuri kuna kiwambo cha mpira kinachozuia oili isirudi kwenye sampu injini inapozimwa. Mpira huo ukikakamaa, au ukiwa hafifu tangu kiwandani kama ulivyo katika filta nyingi za bandia, oili hushuka yote usiku. Asubuhi pampu inalazimika kuijaza filta kwanza kabla ya kusukuma kitu huko juu. Injini ambazo filta yake imelala ubavu au imeelekezwa mdomo chini huteseka zaidi. Hapa tiba ni kubadilisha filta tu, na ndiyo maana kila uchunguzi uanzie hapo.

Mtuhumiwa wa pili ni cheni ya taimingi. Injini nyingi za magari tunayoyatumia, zikiwemo Toyota za 1NZ-FE zilizomo kwenye Vitz, IST na Premio, hutumia cheni badala ya mkanda. Cheni hukazwa na tenshena, na katika injini nyingi tenshena hupata nguvu yake kutokana na presha ya oili. Presha ikichelewa, cheni hulegea na kupiga kuta za kasha lake. Mkwaruzo wa sekunde moja au mbili kutoka upande wa mbele wa injini ndiyo sauti yake. Injini za Volkswagen na Audi za familia ya EA888, hasa zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2012, zinajulikana duniani kwa udhaifu wa tenshena. Kwa hizo, mkwaruzo wa asubuhi haufai kupuuzwa hata siku moja, kwa sababu cheni ikiruka meno, valvu hukutana na pistoni na injini huharibika papo hapo.

Mtuhumiwa wa tatu ni gia ya kemishafti inayobadilisha muda wa valvu, ile ambayo Toyota huiita VVT-i. Injini inapozimwa, pini ndogo ndani ya gia hiyo hupaswa kuifunga isicheze. Pini ikilika, gia hucheza na kugongagonga hadi presha ya oili ifike. Toyota yenyewe ilitoa waraka kwa mafundi wake kuhusu kelele ya namna hii katika injini ya 2AR-FE ya lita 2.5. Kelele hiyo inakera na hutisha, lakini ni ya sekunde moja hivi, na tofauti na cheni iliyolegea, mara nyingi injini huendelea kufanya kazi kwa muda mrefu. Kazi ya fundi ni kuzitenganisha hizi mbili, maana masikioni zinafanana na gharama zake hazifanani.

Mtuhumiwa wa nne ni tapeti zinazojirekebisha kwa oili. Mitsubishi za zamani kama 4G63 zinajulikana kwa tiki-tiki inayotoka huko. Tapeti iliyoishiwa oili usiku huchukua muda kujaa tena, na kama ndani yake kuna uchafu, hujaa kwa shida au haijai kabisa. Ila si kila injini ina tapeti za aina hiyo. Katika 1NZ-FE nafasi ya valvu hupimwa kwa mkono injini ikiwa baridi: milimita 0.15 hadi 0.25 upande wa kuingiza hewa, na 0.25 hadi 0.35 upande wa ekzosi. Fundi anayekwambia ununue dawa ya kusafisha tapeti kwa injini hiyo anakupotezea pesa; hapo kinachotakiwa ni kupima.

Kelele ya dakika kadhaa

Kelele inayoendelea kwa dakika mbili, tano au kumi, kisha ikafifia polepole kadiri geji ya joto inavyopanda, haihusiani sana na oili kuchelewa. Katika muda huo oili ilishafika zamani. Kinachobadilika ni ukubwa wa vyuma.

Hapa ndipo ilipo sauti ya pistoni kupiga ukuta wa silinda. Ni mlio mkavu wa kugonga, usio mzito sana, unaosikika zaidi gari linapokanyagwa likiwa bado baridi. Subaru za EJ25 za mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 zilijulikana kwa kelele hii, na nyingi ziliendelea kutembea kwa maelfu ya kilomita. Ikiwa sauti inatoweka kabisa injini inapopata moto, na gari halili oili wala kutoa moshi wa buluu, mwenye gari anaweza kuishi nayo, mradi asilikanyage gari kwa nguvu likiwa baridi. Ikiwa kila mwezi inachelewa zaidi kutoweka, hiyo ni dalili kwamba silinda zinaendelea kulika.

Sauti inayofanana nayo, ambayo huwadanganya hata mafundi wazoefu, ni ya gesi kuvuja kwenye manifoldi ya ekzosi. Gasketi iliyoungua au manifoldi yenye ufa hupitisha gesi kwa mapigo, na sikio husikia tiki-tiki kama ya tapeti. Chuma kikitanuka kwa joto, ufa hujifunga na sauti hukatika. Ukikagua vizuri utaona masizi meusi pembeni ya ufa au gasketi. Watu wamefunguliwa kifuniko cha valvu na hata silinda hedi kwa kelele ambayo dawa yake ilikuwa gasketi na bolti mbili.

Mluzi au mlio mkali unaokwisha dakika za mwanzo hutoka zaidi kwenye mkanda wa feni na alteneta, hasa asubuhi zenye unyevu. Betri iliyotumika sana kwenye stata hulazimisha alteneta kufanya kazi nzito, na mkanda uliolegea au kukakamaa huteleza. Kuna njia rahisi ya kuthibitisha: mkanda ukitolewa na injini ikawashwa kwa sekunde chache tu, kelele ikipotea, ubovu hauko ndani ya injini.

Magari ya dizeli yana kisa chao. Katika Hilux, Hiace na Land Cruiser za zamani, dizeli ikinyunyizwa kwenye chumba cha baridi huchelewa kuwaka. Inajikusanya, kisha inalipuka yote kwa mara moja. Ndiyo ile sauti ya kukatakata inayosikika dakika za mwanzo. Kiasi fulani ni tabia ya dizeli. Ikizidi, na gari likitikisika na kutoa moshi mweupe hadi lipate moto, kagua hita plagi: moja tu ikifa, silinda yake hugoma kuwaka sawasawa hadi ipashwe na wenzake. Zikiwa nzima, geukia nozeli na taimingi ya pampu.

Yako pia mambo ambayo si ubovu. Magari yenye kompyuta huongeza mzunguko wa injini yenyewe asubuhi, ili kipashwe haraka kile chombo cha kusafishia moshi. Injini zinazonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kama Toyota D-4, zina tiki-tiki ya pampu ya presha kubwa na nozeli zake. Asiyejua hayo atatafuta ugonjwa kwenye mwili mzima.

Kelele isiyopoa, au inayoongezeka kwa joto

Kundi la mwisho ndilo la kuogopwa. Kelele ya beringi za krenki na za mikono ya pistoni ni nzito, inatoka chini, na huenda sambamba na mzunguko wa injini. Inaweza kuanza kusikika asubuhi, lakini haimalizwi na joto. Kinyume chake, oili inapopata moto na kuwa nyepesi, kugonga huzidi. Mafundi wetu wakisema injini inagonga, hii ndiyo wanayoizungumzia, na kuendelea kuliendesha gari la namna hiyo ni kukaribisha siku ambayo mkono wa pistoni utatoboa bloku.

Kipimo chake kipo na hakihitaji kufungua injini. Fundi hutoa swichi ya taa ya oili na kufunga geji ya presha mahali pake. Injini ikiwa imepata moto, presha husomwa kwanza bila kukanyaga mafuta, kisha kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, na matokeo hulinganishwa na mwongozo wa injini hiyo. Taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi haitoshi. Imetengenezwa kuwaka presha inapokaribia kwisha kabisa. Hadi iwake, beringi inaweza kuwa imeshaumia.

Swali la oili nzito

Hakuna mada inayogawanya gereji zetu kama hii. Wengi huamini kwamba injini ikizeeka lazima iwekewe oili nzito, na 20W-50 imekuwa kama dawa ya magari yote. Imani hiyo ina chembe ya ukweli. Katika nyuzi 100, oili ya daraja la 50 hubaki nzito kuliko ya daraja la 30, kwa hiyo kwenye beringi zilizolika hujaza nafasi, hupandisha presha na kupunguza kugonga. Hata vitabu vya Toyota vilivyotolewa kwa nchi za joto vilikuwa na jedwali linaloruhusu 20W-50 kwa baadhi ya injini.

Lakini faida hiyo inalipiwa asubuhi. Kwenye nyuzi 40, 20W-50 huwa nzito mara mbili na nusu hivi kuliko 5W-30. Inachelewa kupita kwenye vinjia vyembamba vinavyolisha tenshena, VVT-i na tapeti, ambavyo katika injini za kisasa viliundwa kwa oili nyepesi. Mwenye gari anaondoa kelele ya mchana na kununua kelele ya alfajiri. Zaidi ya hayo, oili nzito huficha beringi inayokufa bila kuiponya, na wahenga walishasema: mficha maradhi, kilio kitamuumbua. Msimamo unaofaa ni kufuata jedwali la kitabu cha gari, kuchagua oili nyepesi kadiri linavyoruhusu kwa hali ya hewa ya mahali ulipo, na kutopanda daraja hadi presha iwe imepimwa.

Ubora na umri wa oili vina uzito kuliko namba iliyoandikwa kwenye dumu. Gari linalofanya safari fupi fupi kwenye foleni halipati nafasi ya kuchemsha unyevu na petroli vilivyochanganyika na oili. Utope mweusi hujengeka, huziba chujio la pampu kwenye sampu, na kelele ya asubuhi hurefuka. Mmiliki wa gari la namna hiyo asingoje kilomita zitimie. Abadilishe mapema, na anunue kwa muuzaji anayeaminika, kwa kuwa oili na filta za bandia zimejaa sokoni.

Namna ya kuwasha na namna ya kuchunguza

Tabia ya kupiga resi mara tu injini inapowaka ndiyo mbaya kuliko zote. Unakuwa unazungusha vyuma kwa kasi ilhali oili bado iko njiani. Kuacha gari lingurume dakika kumi na tano uani nako hakusaidii gari lenye nozeli na kompyuta. Lilikuwa hitaji la enzi za kabureta na choki. Injini baridi hupewa petroli nyingi, na ikikaa hivyo muda mrefu petroli huosha oili kwenye kuta za silinda. Subiri nusu dakika hadi dakika moja, kwenye nyanda za baridi ongeza kidogo, kisha ondoka kwa upole na usilikamue gari hadi lipate moto.

Kama kelele ipo, uchunguzi uende kutoka rahisi kwenda ghali. Pima kiasi cha oili kwa kijiti chake. Badilisha oili na filta halisi, usikilize asubuhi mbili tatu. Toa mkanda, sikiliza tena. Kagua manifoldi. Tumia bisibisi ndefu au kipimo cha kusikilizia ili kujua kelele inatoka juu, mbele au chini. Kata umeme wa silinda moja moja. Kelele ikibadilika silinda fulani inapozimwa, umeshapata pa kuanzia. Pima presha. Pasua filta iliyotolewa utazame kama ina vumbi la chuma linalong'aa. Baada ya hapo ndipo uzungumzie kufungua.

Jambo moja linasahaulika mno: fundi hawezi kuchunguza kelele ya asubuhi kwa gari lililofika gereji saa nne likiwa limeshachemka. Mrekodie sauti kwa simu, huku ukitaja ni sekunde ya ngapi tangu uwashe, au uliache gari lilale gerejini. Fundi anayekubali kungoja asubuhi ni wa thamani kuliko anayetoa hukumu akiwa bado hajafungua boneti.

Kanuni hiyo hiyo iwalinde wanunuzi. Muuzaji mjanja huliwasha gari kabla mteja hajafika, na kelele zote za makundi mawili ya kwanza zikawa zimejificha. Uwe unanunua gari kwa jirani, kwenye yadi, au injini ya mtumba Kirinyaga Road, Nairobi au Kisekka, Kampala, weka sharti kwamba utaisikia ikiwashwa ya baridi. Gusa boneti kabla ya kuzungumza bei. Likiwa na joto, rudi kesho. Na muuzaji akikataa, tafuta gari jingine.

Gari la miaka 20 si lazima liwe bubu, na si kila linalolia limekufa. Kelele ya sekunde inatibiwa kwa oili, filta na ukaguzi wa cheni. Kelele ya dakika inafuatiliwa na kupimwa. Kelele isiyopoa inasimamisha gari siku hiyo hiyo. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kesho asubuhi ukiwasha gari lako, zima redio, fungua dirisha na uhesabu sekunde. Hesabu hiyo mpelekee fundi wako kabla hajakutajia bei ya injini.